Picha za makumbusho yako ziende wapi: Commons, Google Arts & Culture, Omeka au Mukurtu?

Kupiga picha vioneshwa ni kazi, lakini ndiyo sehemu nyepesi. Kamera ikipatikana na mwanga wa dirishani ukiwa mzuri, kijana wa kujitolea atamaliza kabati zima kwa wiki. Ugumu huja picha zikishajaa kwenye diski. Mwenyekiti wa bodi anataka "tovuti yetu wenyewe". Mfadhili anataka idadi ya watazamaji. Mzee aliyetoa kiti cha babu yake anauliza ni nani atakayeiona picha hiyo, na ataifanyia nini. Wote watatu wana haki ya kuuliza, na hakuna mahali pamoja mtandaoni patakapowaridhisha wote sawasawa.

Nimechagua njia nne za kulinganisha: Wikimedia Commons, Google Arts & Culture, tovuti yako mwenyewe iliyojengwa kwa Omeka, na Mukurtu. Makumbusho makubwa siwaandikii. The Met ya New York ilipoachia picha zaidi ya 375,000 Februari 2017, na Smithsonian ilipofuata Februari 2020 na picha milioni 2.8, taasisi hizo zilikuwa na mafundi na wanasheria wao. Namwandikia mwenye vioneshwa mia kadhaa hadi elfu mbili, kompyuta mbili, na bando linalokwisha kabla ya mwezi.

Vigezo

Kwanza, mlango: nani anapokelewa na kwa masharti gani. Pili, haki: picha ikishatoka mikononi mwako, nani anaweza kuichukua. Tatu, gharama: fedha, na zaidi ya fedha, mtu wa kuihudumia kazi hiyo mwaka hadi mwaka. Nne, mtazamaji: mwanafunzi wa Kilwa Masoko mwenye simu ya bei nafuu anayetafuta kwa Kiswahili, au mtu asiyeona anayesomewa skrini na simu yake. Tano, uhai: mradi ukiisha, nini kinabaki.

Kigezo cha pili nakipa uzito kuliko vingine. Tovuti iliyojengwa vibaya hujengwa upya, lakini picha iliyotolewa kwa masharti yasiyofaa hairudi.

Kabla ya kuchagua: jedwali

Njia zote nne zinadai kitu kimoja, nacho ni maelezo. Chukua kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye mapambo ya pembe, mgongo uliosukwa kwa kamba, na kibao cha kuwekea miguu kinachochomoka. Rekodi inayosema "Kiti, mbao, Lamu" haimsaidii mtu yeyote. Rekodi ya maana inataja namba ya usajili, jina linalotumiwa na wenyewe, mbao na vitu vingine vilivyotumika, vipimo kwa sentimita, nyumba za namna gani zilikuwa nacho na nani aliruhusiwa kukikalia, kimetoka mtaa gani, kiliingia makumbusho mwaka gani na kwa njia gani: zawadi, kununuliwa au kuazimwa. Kisha jina la mpiga picha na mwaka wa picha.

Ongeza sentensi mbili kwa ajili ya asiyeona. Hizo zieleze kinachoonekana katika picha hiyo hiyo, si historia ya viti vya mwambao: "Kiti kirefu cheusi kimepigwa picha kutoka mbele. Mgongo umegawanywa katika miraba iliyosukwa kwa kamba, na kibao cha miguu kimechomolewa na kuwekwa kando." Hiyo ni kazi ya dakika moja kwa kila picha, na makumbusho mengi, hata ya Ulaya, bado hayaifanyi.

Yote hayo yawe kwenye jedwali la Excel au LibreOffice, mstari mmoja kwa kifaa kimoja, na jina la faili ya picha libebe namba ya usajili. Jedwali hilo ndilo litakalokuwezesha kuhama. Pia ndilo litakalokukutanisha na wengine: International Inventories Programme, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishiriki, ilikusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo kwenye taasisi za nje, na msingi wa kazi yote ile ulikuwa orodha.

Kuhusu faili zenyewe, picha ya TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha) kutoka kamera ya megapikseli 24 huchukua kama MB 72. Vioneshwa 2,000 kwa picha tatu tatu vinapita GB 430. Hizo ni nakala za kuhifadhi, hukaa kwenye diski mbili, na moja lazima iwe jengo jingine. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka pale Zanzibar tarehe 25 Desemba 2020, lililoanguka lilikuwa jengo la makumbusho. Diski inayolala chumba kimoja na vioneshwa vyako haikukingi na lolote.

Wikimedia Commons

Ilianza Septemba 2004, na ndiyo ghala la picha linalotumiwa na Wikipedia za lugha zote, ya Kiswahili ikiwemo.

*Mlango.* Uko wazi. Unajisajili na kuanza kupakia siku hiyo hiyo. Kwa picha chache kuna fomu ya kawaida ya kupakia; kwa mamia kuna Pattypan, programu ndogo inayosoma jedwali lako na kupakia yote kwa mpigo. Wanaolinda mlango ni wahariri wa kujitolea. Picha ikionekana ni ya makumbusho na leseni yake haieleweki, itawekewa ombi la kufutwa. Dawa ni kutuma barua pepe ya ruhusa kutoka kwenye anwani rasmi ya taasisi. Hatua hii ifanyeni kabla ya picha ya kwanza, si baada ya picha ya mia tatu.

*Haki.* Hapa ndipo pa kusimama na kufikiri. Commons inapokea kazi zilizo mali ya umma au zenye leseni huru pekee, kama zile za Creative Commons zinazoitwa CC0, CC BY na CC BY-SA. Leseni inayosema "isitumike kibiashara" haikubaliki. Maana yake mchapishaji wa kalenda aliyeko Dubai au mshona fulana wa Mombasa anaweza kuitumia picha yako bila kukulipa. CC BY itamlazimu akutaje. CC BY-SA itamlazimu akutaje na, akiibadilisha, aitoe kwa leseni hiyo hiyo. CC0 haimlazimu hata hilo. Na leseni ikishatolewa haitanguki.

Kumbuka pia kwamba kumiliki mchoro si kumiliki haki yake. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini wachoraji wengi wa mtindo wake wako hai na wanauza kazi. Mchoro wao ukining'inia ukutani kwako, bado ruhusa ya kuupeleka Commons ni yao.

*Gharama.* Hakuna ada, hakuna seva, hakuna fundi. Unalipa kwa bando na kwa saa za kujaza maelezo.

*Mtazamaji.* Kwa simu ndogo ni pazuri, kwa sababu mfumo wenyewe hutengeneza saizi ndogo za kila picha. Manukuu huandikwa kwa Kiswahili kando ya lugha nyingine. Faida kubwa zaidi ni kwamba picha husafiri: ikiwekwa kwenye makala ya Wikipedia itaonwa na watu ambao hawajui kama makumbusho yako yapo, na kupitia Kiwix, programu ya kusomea bila mtandao, Wikipedia hufika hata shule zisizo na intaneti. Kasoro ni kuwa picha zako zimo kati ya faili zaidi ya milioni 100. Hakuna maonyesho, hakuna mpangilio wa vyumba, wala masimulizi ya kumwongoza mgeni.

*Uhai.* Mwendeshaji ni taasisi isiyo ya faida, na nakala za picha zimesambaa kila mahali. Museu Nacional, makumbusho ya taifa ya Brazil yaliyoko Rio de Janeiro, ilipoungua tarehe 2 Septemba 2018, wanawikimedia waliwaomba watu walete picha walizowahi kupiga humo, na Commons ndipo zilipokusanyika.

*Inamfaa* mwenye vitu vya zamani visivyo na utata wa haki, anayetaka vijulikane kwa upana, na asiyeumia picha yake ikionekana kwenye fulana.

Google Arts & Culture

Ilizinduliwa tarehe 1 Februari 2011 kwa jina la Google Art Project, ikiwa na makumbusho 17. Kwetu si ngeni: Makumbusho ya Taifa ya Kenya yamo, na Kilwa Kisiwani imo kupitia mradi wa Heritage on the Edge wa mwaka 2020, uliofanywa pamoja na CyArk, shirika la kurekodi maeneo ya kale kidijitali, kuonyesha jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyoyatafuna maeneo ya kale.

*Mlango.* Ni wa taasisi. Unaomba, unaeleza mkusanyo wako, unasubiri kukubaliwa. Mtu binafsi mwenye sanduku la picha za familia hapiti hapa.

*Haki.* Zinabaki kwako. Mtazamaji anaona na kukuza lakini hapewi nafasi ya kupakua. Kwa bodi yenye hofu hili hutuliza kikao mara moja. Upande wa pili, mwalimu anayetaka kuichapisha picha ya ngalawa kwenye zoezi la darasa la sita naye hapewi. Makumbusho yanayotaka kutumiwa yanajikuta yanatazamwa tu.

*Gharama.* Bure kwa taasisi. Kazi iko kwenye uandishi, kwani bila hadithi zilizopangwa vizuri ukurasa wako utakuwa kabati la picha.

*Mtazamaji.* Kwa uzuri wa kutazama, hapa sioni mshindani kati ya hizi nne. Unaweza kukuza mchoro mpaka nyufa za rangi, au kuzunguka ndani ya jengo kama uliyelipa kiingilio. Ila uzuri huo ni mzito. Kwenye simu ya kumbukumbu ndogo hukwama, na bando hupungua ukiliangalia.

*Uhai.* Mwenye nyumba ni kampuni, na kampuni hiyo imewahi kufunga huduma zilizopendwa: Picasa mwaka 2016, Google+ kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Lakini tusiionee: baada ya moto wa Rio ni Google iliyokuwa na picha za ndani za jengo, na Desemba 2018 ikawawezesha watu kutembea katika vyumba ambavyo havipo tena. Kwa hiyo pachukuliwe kama ukumbi wa maonyesho. Ghala liwe kwingine.

*Inamfaa* taasisi yenye usajili, yenye vioneshwa vichache vyenye mvuto mkubwa, na mtu anayejua kusimulia.

Tovuti yako kwa Omeka

Omeka ilitoka Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia, mwaka 2008. Ni programu ya bure inayowekwa kwenye seva yako. Omeka Classic hutosha kwa makumbusho moja; Omeka S ni ya taasisi yenye tovuti kadhaa zinazotumia hifadhi moja.

*Mlango.* Wako. Hakuna wa kuombwa.

*Haki.* Unaamua kifaa kwa kifaa: hiki CC0, kile "haki zote zimehifadhiwa", kingine kisionekane hadharani kabisa. Rekodi hufuata Dublin Core yenye sehemu 15, ambao ni utaratibu unaofahamika na maktaba nyingi duniani, kwa hiyo jedwali lako litaingia bila kubomolewa.

*Gharama.* Programu ni bure. Seva na kikoa (jina la anwani ya tovuti) si bure, na hulipiwa kila mwaka. Gharama ya kweli ni mtu. Omeka inakaa juu ya PHP na MySQL, vitu vinavyohitaji kusasishwa. Hadithi ya makumbusho madogo ni ile ile kila mahali: kijana aliyejenga tovuti amepata kazi kwingine, nenosiri liko kwenye simu yake, kikoa kimelipiwa kwa kadi yake, na mwaka wa tatu tovuti inafunguka ikitangaza kamari. Kabla hujaijenga, hakikisha kikoa kimeandikishwa kwa jina la taasisi na nenosiri liko kwenye bahasha ofisini.

*Mtazamaji.* Inategemea ulivyoijenga. Unaweza kuwa na tovuti nyepesi kuliko zote nne, ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho, yenye picha za KB 300. Omeka S inaweza pia kuunganishwa na IIIF, utaratibu unaoikata picha kubwa vipande vipande ili simu ipakue pale tu mtu anapokuza. Kwa hati za kale hilo ni jambo kubwa: msomaji anakuza mstari mmoja wa utenzi bila kupakua ukurasa wote. Tatizo ni kwamba wageni hawaji wenyewe. Tovuti mpya ya makumbusho madogo inaweza kukaa miezi ikitembelewa na wafanyakazi wake.

*Uhai.* Ni wa kutegemea nidhamu yako ya nakala rudufu. Na usidhani hilo ni tatizo la wadogo tu. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia British Library ya London, na makusanyo yake ya kidijitali hayakupatikana kwa miezi. Miongoni mwake yalikuwamo ya Endangered Archives Programme, mradi wake wa kunakili kumbukumbu zilizo hatarini kupotea, ambamo zimo hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Hati zenyewe zilikuwa salama Lamu. Aliyekosa ni msomaji wa mbali.

*Inamfaa* mwenye bajeti ndogo lakini ya kudumu, fundi wa karibu, na mkusanyo wenye masharti tofauti tofauti ya haki.

Mukurtu

Hii ni programu ya kujengea tovuti isiyojulikana sana kwetu, nami nadhani inastahili kujulikana. Ilizaliwa kutokana na kazi pamoja na Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, na sasa inaendelezwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani.

*Mlango.* Kama Omeka, unaiweka kwenye seva yako.

*Haki.* Ndiyo sababu ya kuwapo kwake. Unaunda jumuiya ndani ya tovuti, na kila kitu kinawekewa masharti ya nani akione: watu wote, ukoo, wazee, wanawake tu, wanaume tu. Rekodi moja inaweza kuwa na maelezo ya mhifadhi upande mmoja na maelezo ya wenye kitu upande mwingine, na ya mhifadhi hayafuti ya wenyewe.

Fikiria vigango vya Wamijikenda. Ni nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, havikuchongwa vitazamwe na wapita njia, na kwa miaka mingi vimeibwa na kuuzwa nje. Kwa macho ya kwanza utasema visipigwe picha kabisa. Lakini vigango viwili vilivyoibwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1980 vilitambuliwa kwenye makumbusho ya Marekani kwa msaada wa picha iliyopigwa mwaka 1985, mwenye vigango akiwa amesimama navyo, na hatimaye vikarudi kwa familia. Picha ilikuwa ushahidi. Kwa hiyo piga, andika vipimo na alama, kisha amua na wenyewe ni nani aione. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa asilia na tamaduni za jamii, na mazungumzo hayo na wazee hayapaswi kuachwa kwa huruma ya mhifadhi.

*Gharama.* Karibu sawa na Omeka, ila inajengwa juu ya Drupal, mfumo wa kuendeshea tovuti, na fundi wa Drupal ni mgumu zaidi kupatikana. Ongeza muda wa vikao na jamii, ambao hauna njia ya mkato.

*Mtazamaji.* Haikukusudiwa kuleta umati. Mjukuu aliyeko Muscat au Toronto akipewa akaunti ataona alichoruhusiwa, na hilo ndilo lengo.

*Uhai.* Udhaifu ule ule wa seva yako mwenyewe, pamoja na mmoja wa ziada: mtunza akaunti akiondoka, masharti ya nani aone nini yanabaki bila mlinzi.

*Inamfaa* mkusanyo wenye vitu vya ibada, vya mazishi, vya jando na unyago, au sauti za wazee walioongea wakijua nani anawasikiliza.

Kuchanganya

Hakuna sheria inayokulazimisha kuchagua moja. Kanuni yangu ni kuwa picha ile ile iingie Commons mwisho, baada ya kuhakikisha hakuna atakayelia, kwa sababu huko hairudishwi. Mradi wa Digital Benin, uliofunguliwa Novemba 2022, umekusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya 5,000 vya Ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, kutoka taasisi 131, kila moja ikiwa na mfumo na leseni zake. Kilichowezesha ni maelezo yaliyopangwa, yaani jedwali tena.

Kwa hali yako

Kama huna fundi wala bajeti ya mwaka ujao, na vitu vyako ni sarafu, vyungu, vyombo vya baharini au majengo: anza na Commons, vioneshwa hamsini vilivyoelezwa vizuri kwa Kiswahili, kabla ya kugusa vingine.

Kama bodi inaogopa kuibiwa picha, na mmesajiliwa rasmi: ombeni Google Arts & Culture, na wakati mnasubiri jibu andikeni hadithi tatu. Hata mkikataliwa, hadithi hizo zitafaa kwingine.

Kama mna hati, tenzi na barua ambazo watafiti watazihitaji ukurasa kwa ukurasa: Omeka, ikiwezekana Omeka S, kwa makubaliano ya maandishi na chuo kikuu au maktaba ya jirani ya kukaa na nakala ya pili.

Kama mna kazi za wachoraji walio hai: tovuti yenu, picha ndogo, jina la msanii na mawasiliano aliyoruhusu yeye. Mnunuzi akimpata kupitia kwenu, msanii ataleta nyingine bila kuombwa.

Kama mkusanyo una vitu visivyopaswa kuonwa na kila mtu: Mukurtu kwa hivyo, na popote mtakapo kwa vilivyobaki. Msijaribu kuvificha vitu hivyo katika mfumo ambao haukujengwa kuficha.

Na kama mna mfadhili wa miaka miwili anayetaka tovuti ya kung'ara, kubalini, ila mwombeni kwenye mkataba aweke ada ya seva na kikoa kwa miaka mitano baada ya yeye kuondoka. Wengi hukubali wakiulizwa mapema.